Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kwa nini kiraka cha piezo kilichofukiwa ndani ya kompositi kinapata moto?

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi, fundi au mhandisi aliyebandika au kufukia kauri ya piezo ndani ya kipande cha faiba, akaiwasha, akaigusa baada ya dakika tano na kushtuka. Maswali yamepangwa jinsi yanavyokuja kwa kawaida, si kwa uzito. Mengine yana jibu la mistari miwili, mengine yanahitaji karatasi na kikokotoo.

Kiraka cha piezo ni kitu gani?

Ni kipande chembamba cha kauri kinachojinyoosha au kujikunyata kikipewa volti. Kibofyo cha jiko la gesi kisichotumia betri, kile kinachosema "tak!" na kurusha cheche, hufanya kinyume chake: nyundo ndogo inaigonga kauri, nayo inatoa maelfu ya volti. Jacques na Pierre Curie walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata Gabriel Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba lazima na kinyume chake kiwepo, na akina Curie wakakithibitisha kwa vipimo. Kauri inayotumika zaidi leo ni PZT, yenye risasi, zirkoniamu, titaniamu na oksijeni.

Kompositi unaijua hata kama hujaizoea kwa jina hilo: boti ya faiba ni kompositi, nyuzi za kioo zilizoshikwa na rezini. Ukibadili nyuzi za kioo ukaweka za kaboni, unapata bawa la ndege.

Nani alianza kufukia kauri ndani, na kwa nini asiibandike juu tu?

Kazi inayotajwa na karibu kila mtu ni ya Edward Crawley na Javier de Luis wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, iliyochapishwa mwaka 1987. Walifukia vipande vya piezo katika mihimili ya nyuzi za kioo na ya kaboni, wakaitetemesha kwa umeme. Kilichofukiwa hakikwanguliwi, hakipati maji kirahisi, na husukuma nyuzi moja kwa moja. Gharama yake ni kwamba huwezi tena kukigusa, kukiona wala kukibadilisha. Kikipata moto, habari utazipata kwa njia ya mzunguko.

Kiraka ni kama kapasita, na kapasita hurudisha umeme wote. Joto linatoka wapi?

Kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, ile ya kwenye kitabu hurudisha wote. Ya kauri hubakiza kidogo kila mzunguko.

Chukua kipande cha seng'enge ukikunje huku na huku mara ishirini, kisha gusa pale pa kukunjia. Pana moto. Hakuna aliyekipasha, kila ulipokikunja na kukirudisha, sehemu ya nguvu ya mkono wako ilibaki ndani. Kauri ya PZT ina maeneo madogo madogo ambayo kila moja limeelekeza umeme wake upande fulani. Volti ikipanda, mipaka kati ya maeneo hayo husogea. Ikishuka, hurudi, lakini kwa kusitasita, na si kwa njia ileile iliyopitia. Ukichora volti dhidi ya chaji hupati mstari mmoja bali kitanzi chembamba kama jani la mwarobaini. Eneo la ndani ya jani hilo ndilo joto la mzunguko mmoja. Zidisha kwa idadi ya mizunguko kwa sekunde, umepata wati.

Wahandisi hupima unene wa jani hilo kwa kigezo cha upotevu, tan δ. Kwa PZT laini, ambayo mipaka yake husogea kirahisi, kama ile iitwayo PZT-5A, thamani yake kwenye volti ndogo ni karibu 0.02. Kwa ngumu, ambayo mipaka yake husogea kwa shida, kama PZT-4, ni karibu 0.004.

Kuna vyanzo vingine vya joto?

Vipo viwili vya kuzingatia. Cha kwanza ni msuguano wa ndani wa mtetemo wenyewe, katika kauri na zaidi katika rezini, ambao huwa mkubwa pale unapoendesha kitu kwenye resonansi, yaani masafa ambayo kitu hicho hutetema kwa urahisi zaidi. Cha pili ni ukinzani wa elektrodi (tabaka za chuma zinazoupeleka umeme kwenye kauri) na viungo vya waya. Hiki kwa kawaida ni kidogo mno, ila kiungo kibovu cha lehemu hugeuka jiko dogo la nukta moja. Ukiona doa moja lina moto kuliko kiraka chote, usianze kusoma fizikia ya kauri, kagua lehemu.

Nikokotoe vipi joto kabla sijachoma kitu?

Twende na mfano kamili. Kiraka cha PZT-5A, urefu milimita 50, upana 25, unene 0.5. Kapasitansi yake, yaani uwezo wake wa kuhifadhi chaji, inatoka karibu nanofaradi 39. Unakiendesha kwa wimbi la kupanda na kushuka, kilele volti 150 kila upande, mara 1,000 kwa sekunde.

Joto ni π × masafa (mizunguko kwa sekunde) × kapasitansi × volti ya kilele mraba × tan δ. Sehemu ya kwanza, bila tan δ, inatoka kama 2.7. Ukiweka tan δ ya kwenye karatasi ya muuzaji, 0.02, unapata wati 0.055, na unalala usingizi mzuri.

Hapo ndipo wengi wanapotegwa. Ile 0.02 ilipimwa kwa volti ndogo sana, pengine volti moja. Kadiri volti inavyopanda, ile mipaka inasogea mbali zaidi na jani linanenepa, hivyo tan δ ya kazi halisi inaweza kuwa mara kadhaa ya ile. Fanya 0.1 kwa tahadhari: joto sasa ni wati 0.27, mara tano ya ulivyofikiri. Mimi kiraka changu cha kwanza nilikikokotoa kwa namba ya karatasi ya muuzaji. Sikukipasua, lakini gundi iliyokishika ilikuwa laini kama jojo nilipokuja kuangalia.

Sasa wati 0.27 ni kiasi gani? Kiraka chenyewe kina uzito wa karibu gramu 5 na kinahitaji takriban jouli 2 kupanda digrii moja. Kama joto lingebaki lote ndani, kingepanda digrii 8 kila dakika. Halibaki lote, na njia linakotokea ndiyo swali linalofuata, ambalo mimi naliona ndilo swali lenyewe.

Kwa hiyo kufukia kiraka ndani ya kompositi ni kama kukifunika blanketi?

Hivi ndivyo watu wanavyosema, na mara nyingi si kweli.

Anza na kiraka kikiwa uchi hewani, kimening'inizwa kwa waya. Nyuso zake mbili zina jumla ya sentimita mraba 25. Hewa iliyotulia, pamoja na mnururisho (joto linalotoka kama miale bila kuhitaji hewa), huchukua takriban wati 10 kwa kila mita mraba kwa kila digrii ya tofauti. Kwa eneo hilo ni wati 0.025 tu kwa digrii. Joto letu la wati 0.27 litapandisha kiraka digrii 11 juu ya hewa. Ongeza masafa hadi 5,000 kwa sekunde na joto ni wati 1.4: digrii 55 juu ya hewa. Chumba kikiwa na digrii 30, kiraka kina 85.

Sasa kifukie katikati ya bamba la nyuzi za kioo lenye unene wa milimita 2. Rezini haipitishi joto vizuri, hilo ni kweli. Lakini safari ya kutoka kwenye kauri hadi usoni ni fupi, chini ya milimita moja, na ukipiga hesabu utaona inagharimu digrii moja hivi, zaidi kidogo, hata kwa wati 1.4. Hata ile karatasi ya poliimidi, Kapton, inayowekwa kuzuia umeme, haina neno: mikromita 25 zake hazifikii nusu digrii. Kizuizi kikubwa kiko nje, ni hewa. Na bamba linamsaidia kiraka kwa jambo moja, maana joto linatambaa pembeni kabla ya kutoka, hivyo uso unaotoa joto unakuwa mpana kuliko kiraka chenyewe. Katika nyuzi za kioo linatambaa kama milimita 6 kuzunguka kiraka. Zile digrii 55 zinashuka hadi karibu 31.

Katika bamba la kaboni la unene huohuo, nyuzi zikiwa zimepangwa pande zote, joto linatambaa kama milimita 22. Eneo linalotoa joto linakuwa karibu mara nne ya kiraka, na digrii 55 zinakuwa 14 hivi. Kwa bamba la alumini ni zaidi ya milimita 120, na habari inaishia hapo.

Kwa hiyo ukiniuliza cha kukokotoa kwanza, ni njia ya joto kutoka nje, kisha ndipo uchague kauri. Nimeona watu wakibishana wiki nzima kuhusu aina ya PZT huku kiraka chao kimeegemezwa kwenye sponji.

Basi ni wakati gani kufukia kunadhuru?

Pale njia ya kutoka inapozibwa. Bamba la sandwichi lenye povu katikati ni mfano wa kwanza: povu karibu halipitishi joto kabisa, kwa hiyo upande mmoja wa kiraka umefungwa na uso wa kupoa umebaki nusu. Mfano wa pili ni viraka vingi vilivyokaribiana. Kila kimoja kinategemea milimita zake za kutambaza joto, na ukiviweka milimita 5 kutoka kimoja hadi kingine katika nyuzi za kioo, vinagombania kiwanja kimoja. Wa tatu ni tabaka juu ya tabaka, kauri kumi zimepangwa kama chapati. Ya katikati haina pa kutolea.

Timu iliyokuwa na Kenji Uchino wa chuo kikuu cha Penn State, Marekani, ilichapisha mwaka 1996 vipimo vya aktueta (vifaa vya kusukuma) za tabaka nyingi, ikaonyesha kwamba kupanda kwa halijoto kunafuata uwiano wa ujazo unaofanya kazi kwa eneo la uso. Ukilielewa hilo, umbo lenyewe linakwambia: bapa na pana hupoa, nene na fupi huchemka.

Na satelaiti? Huko hakuna hewa, kuna mnururisho tu na chuma cha kupitishia joto. Hesabu yote ya hewa iliyo hapo juu uifute.

Kaboni inapitisha umeme. Haitaleta shoti?

Italeta, usipofunika kiraka na kingo zake. Ndiyo maana ya karatasi ya poliimidi, na ndiyo sababu siku hizi wengi hununua kiraka kilichokwisha kufungwa. Maarufu ni Macro Fiber Composite, MFC, iliyobuniwa kituo cha NASA cha Langley mwaka 1996: vijiti vyembamba vya PZT ndani ya epoksi (aina ya rezini, hutumika pia kama gundi), katikati ya karatasi mbili za poliimidi zenye elektrodi zilizoingiliana kama vidole. Unene wake wote ni karibu milimita 0.3, na hupokea kuanzia volti 500 hasi hadi 1,500 chanya. Ujerumani kuna kiraka kingine cha namna hiyo, DuraAct, kilichotokana na kazi za DLR, kituo cha utafiti wa anga cha nchi hiyo.

Halijoto gani ni ya hatari?

Kila mtu hutaja halijoto ya Curie, ile ambayo kauri inapoteza kabisa uwezo wake. Kwa PZT-5A iko karibu digrii 350 na zaidi. Kwa PZT-5H, aina nyingine laini, ni kama 193 tu. Kanuni ya mafundi ni kutovuka nusu yake: takriban 175 kwa ya kwanza, 95 kwa ya pili.

Lakini ndani ya kompositi kauri mara nyingi si ya kwanza kuumia. Epoksi iliyoiva kwa joto la chumba, kama Araldite ya dukani, huanza kulainika mahali fulani kati ya digrii 50 na 70. Ikilainika haivunjiki mbele yako. Inaacha tu kushika. Kauri inanyoosha, gundi inateleza, bamba halisogei, nawe unaongeza volti ili upate mtetemo uleule. Joto linaongezeka. Kisha ukizima na kupoa kila kitu kinaonekana kizima, na unashindwa kueleza kwa nini asubuhi mfumo unafanya kazi na mchana haufanyi.

Pia kauri na kompositi havitanuki sawa. Nyuzi za kaboni kwa urefu wake karibu hazitanuki, PZT hutanuka kidogo, epoksi hutanuka mara kumi au zaidi ya PZT. Kila kuwasha na kuzima ni kuvutana kwenye ule mpaka, na mpaka ndipo tabaka zinapoanza kubanduka, hasa kwenye pembe za kiraka. Ukiweza, chonga pembe ziwe za mviringo.

Je, joto linaweza kujizalisha lenyewe hadi kiraka kiungue?

Ndiyo. Kauri laini ikipata moto, kapasitansi yake inapanda, na kwa kawaida tan δ nayo. Volti ikibaki ileile, vyote viwili vinaongeza wati, wati zinaongeza moto. Kama njia ya kutoka inamudu, halijoto inatulia juu kidogo ya ulivyokokotoa. Isipomudu, haitulii. Dalili yake ni mkondo wa umeme unaopanda polepole ilhali hujagusa kitu. Ukiuona unapanda na kukataa kutulia baada ya dakika kumi, zima. Usisubiri harufu.

Nikiendesha kwenye resonansi nafaidika au naumia?

Vyote. Kwenye resonansi volti ndogo inaleta mtetemo mkubwa, hivyo joto la umeme linapungua, lakini joto la mtetemo linachukua nafasi yake, na mara nyingi hilo ndilo kubwa. Linatokea pale bamba linapopindika zaidi, ambapo si lazima pawe kwenye kiraka. Kuna na kero nyingine: rezini ikipata moto inalegea kidogo, na masafa ya resonansi yanashuka. Kama umeweka masafa mahali pamoja, mtetemo unafifia wenyewe baada ya dakika chache na unadhani kiraka kimekufa. Kumbe resonansi imehama. Saketi inayofuata resonansi huiondoa kero hiyo, ila nayo ina ubaya wake: inakifuata kitu kinachochemka hadi mwisho.

Nipunguze volti au masafa?

Volti, ukiweza. Joto linakwenda sawa na masafa: nusu ya masafa, nusu ya joto. Kwa volti, hata kama tan δ ingekaa palepale, nusu ya volti ni robo ya joto. Na kwa kuwa tan δ hushuka pamoja na volti, unapata hata chini ya hiyo robo. Ukikosa mwendo wa kutosha, ongeza eneo la kiraka badala ya kuongeza volti. Viraka viwili kwa nusu ya volti hutoa msukumo unaokaribiana na wa kimoja, kwa nusu ya joto au chini zaidi, tena likiwa limesambazwa.

Njia nyingine ni kupumzisha: sekunde 10 kazi, 20 kimya. Kiraka uchi hupita karibu theluthi mbili ya kupanda au kushuka kwake ndani ya dakika moja na nusu hivi, kile kilicho ndani ya bamba huchukua dakika tatu au zaidi, kwa hiyo mapumziko ya sekunde chache hufanya wastani mzuri.

Nitumie kauri ngumu au laini?

PZT-5H hunyooka zaidi ya zote tatu, PZT-5A inafuata, PZT-4 ya mwisho. Kwa mwendo wa pembeni, vipimo vyao ni pikomita 274, 171 na 123 kwa kila volti. Kwa hiyo ngumu inakunyima zaidi kidogo ya robo ya mwendo ukilinganisha na 5A, lakini upotevu wake ni sehemu ya tano. Kwa kazi ya masafa ya juu isiyosimama, ngumu. Kwa kazi ya polepole, laini. 5H ndani ya kompositi inayoiva kwa joto kali, mimi siigusi.

Amplifaya bora itapunguza moto?

Itapunguza moto wa amplifaya. Zile zinazorudisha chaji huokoa umeme mwingi unaozunguka bure kati yake na kiraka, na feni yako itanyamaza. Kilichopotea ndani ya kauri kimepotea palepale.

Kompositi yangu inaivishwa kwa digrii 180. Hilo si baya kuliko moto wa kazi?

Ni jaribio gumu zaidi ambalo kiraka kitapitia maishani mwake, ila ni la mara moja. PZT-5A hulivuka; 5H inakuwa hatua chache tu kutoka mahali inapokufa. Angalia pia lehemu: ya bati na risasi ya kawaida huyeyuka digrii 183, kwa hiyo otoklevu (oveni ya shinikizo ya kuivishia kompositi) ikipitiliza kidogo, waya zinaogelea.

Kisha kuna jambo ambalo wageni hawalitegemei. Kauri hizi hutoa umeme pia halijoto yake inapobadilika. Unapopoza bamba kutoka 180 hadi joto la chumba huku waya ziko wazi, chaji inajikusanya, na volti inaweza kutosha kurusha cheche au kuiharibia kauri mpangilio wake, yaani mwelekeo wa pamoja wa yale maeneo yake madogo. Funga waya mbili pamoja, au weka rezista kati yake, kabla ya kuingiza kwenye otoklevu. Na usizifungue kwa vidole vitupu ukijisifu.

Nipime vipi halijoto ya kitu nisichokiona?

Kamera ya joto inaona uso tu. Katika bamba jembamba uso na kauri vinatofautiana kidogo, kwa hiyo inatosha, mradi uso usiwe unang'aa. Paka rangi nyeusi isiyong'aa au bandika mkanda wa plastiki. Katika bamba nene au sandwichi, fukia thamokapo (waya mbili za kupimia halijoto) nyembamba karibu na kiraka, iliyowekewa kihami, maana volti 150 zikiingia kwenye kipimo chako utanunua kingine. Nyuzi za mwanga zilizochongwa mistari ya Bragg, inayorudisha rangi moja tu ya mwanga, hazijali umeme, nazo husogeza rangi hiyo kama pikomita 10 kwa digrii, ila husogea pia zikivutwa, kwa hiyo unahitaji moja iliyolegezwa ndani ya kimrija.

Njia ya bei rahisi kuliko zote ni kiraka chenyewe. Kabla ya kazi, weka bamba kwenye oveni, pima kapasitansi kwa volti ndogo kila digrii 10, chora jedwali. Baadaye simamisha kazi kwa sekunde moja, pima, soma jedwali. Na usipime sekunde ya kumi ukaandika ripoti. Subiri robo saa.

Helikopta zenye viraka kwenye mapanga, mbona haziungui?

Kwa sababu viraka vyake vinatetema polepole. NASA, Jeshi la Marekani na MIT walijaribu Langley panga zilizofukiwa nyuzi za piezo, zinazojipinda zikizunguka. Kazi ya namna hiyo kwenye helikopta kamili ni makumi ya mizunguko kwa sekunde. Kiraka chetu cha mfano kwa mara 30 kwa sekunde kinatoa milliwati 8. Tena panga lina upepo. Vilevile viraka vya kusikiliza nyufa hutumia volti chache kwa mpigo mfupi. Havina habari ya joto.

Majaribio niliyosoma yalifanyika kwenye digrii 20. Mimi niko Dar, mwezi wa pili.

Ongeza tofauti ya hewa, kisha ongeza jua. Bamba jeusi la kaboni lililo nje saa saba mchana linaweza kuwa limeshafika digrii 60 au zaidi kabla hujawasha swichi. Kwa epoksi ya joto la chumba, bajeti yako imekwisha kwa jua peke yake. Anza hesabu kutoka halijoto ya bamba juani, si ya utabiri wa hali ya hewa.

Kiraka kilipata moto sana, sasa kinatetema kwa unyonge. Kinaweza kufufuliwa?

Kwanza jua kilichokufa. Pima kapasitansi ikiwa baridi. Ikiwa imeshuka sana, kauri imepasuka au elektrodi imekatika, na hapo hakuna dawa. Ikiwa iko karibu na ya zamani, gonga bamba kwa kidole huku waya ziko kwenye osiloskopu, kipimo kinachochora volti. Umeme ukitoka kama zamani, kauri ni nzima na gundi bado inashika, kasoro iko kwingine. Ukitoka mdogo, ama gundi imeachia, ama kauri imepoteza mpangilio wake.

Hali hiyo ya mwisho ndiyo pekee inayorekebishika. Kiwandani mpangilio huwekwa kwa volti 2,000 hadi 3,000 kwa kila milimita ya unene, kauri ikiwa na digrii 100 na zaidi ndani ya mafuta. Kiraka cha nusu milimita kinahitaji volti 1,000 hadi 1,500. Ndani ya kompositi huwezi kupandisha joto kupita kiasi epoksi inachovumilia, kwa hiyo unatumia halijoto ya chini kidogo na muda mrefu zaidi, volti ikipandishwa taratibu, upande chanya ukiwa uleule wa mwanzo. Kama alama nyekundu ya waya imefutika, tafuta kwanza picha uliyopiga kabla ya kufukia.